Watu wa Julai Mosi

Kinondoni Mkwajuni,
8 Januari 1995

Mjomba Mwinjuma,

Shikamoo. Kabla ya lolote pokea salamu za nyumba hii, ambayo tangu mwezi uliopita imeongezeka mtu. Najat amejifungua salama. Ni mtoto wa kike, tumemwita Raudha, amezaliwa tarehe 21 Desemba, saa nne kasorobo asubuhi, kilo tatu na robo. Nakuandikia kilo kwa sababu najua mpima mizani kama wewe ataanza kuuliza hizo. Nisalimie Bi Mwanakombo, mwambie ubani wake ulifika na nyumba inanukia kwenu.

Sasa habari zangu. Umeniuliza mara mbili nami nikakwepa. Ndiyo, kazi imekwisha. Idara yetu ya kompyuta ilifungwa mwezi wa nane, tukapewa barua, tukapeana mikono, basi. Sikukuandikia kwa kuwa niliona haya. Mtu uliyemlea tangu ana miaka sita, ukamsomesha kwa mshahara wa ghalani, hawezi kukuambia kwamba anashinda barazani na msuli.

Tangu hapo natafuta kazi za mkataba. Asubuhi nafunga tai, disketi zangu natia kwenye mfuko wa nailoni zisiingie vumbi, naanza kugonga milango Mikocheni, ofisi hata ofisi, siku nyingine nafika mpaka Kawe. Nawaeleza: mie naandika programu, mkitaka kompyuta yenu ijue stoo imebaki nini au watu wenu ni wangapi, nitawaandikia, tukimaliza naondoka. Wengine wanadhani nauza kompyuta. Mmoja alinipa taipureta niitengeneze. Mwenye duka la misumari kanipa kibarua cha wiki tatu. Mchapaji mmoja kanilipa kalenda, ziko mia mbili chini ya kitanda, na Najat kaapa mgeni yeyote haondoki bila mbili.

Ila mlango umefunguka. Kuna bwana mmoja, Revelian, mwenyeji wa Bukoba, ana kampuni ya ushauri hapo Mikocheni. Kapewa kazi na shirika moja kubwa la umma linaloandaliwa kuuzwa. Wanataka wafanyakazi hewa wasakwe, yale majina yanayopokea mshahara na watu wenyewe hawapo. Programu ya kuwanasa naiandika mie, mkataba wa miezi miwili. Shirika lenyewe nimeambiwa nisilitaje. Wakiridhika, kuna mkataba wa pili, wa mwaka mzima. Mwaka mzima, mjomba. Kila karatasi inayotoka kwenye mashine naipiga jina langu chini na sanduku langu la posta, maana fundi asiye na ofisi kibao chake ni kazi yake.

Niombee.
Mpwa wako, Nassibu Khalfani

*

Lindi,
7 Februari 1995

Mpwa wangu Nassibu,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimefungua baada ya kufuturu, Bi Mwanakombo akanitaka niisome mara tatu pale penye mtoto. Anasema kilo tatu na robo ni nzuri, mama asiache uji wa pilipili manga. Sie ni wazima, tumefunga wote isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halifungi wala halifunguki.

Kuona haya uache. Kukosa kazi si wizi. Wizi ni kunificha mie. Tena miezi mitano, na huku unanitumia salamu za ofisini. Siku nyingine ukidanganya, danganya watu usiokula nao.

Nimecheka hiyo saa nne kasorobo. Mtoto ana siku, ana saa, amebakiza nini? Sie wenzio hatuna. Bibi yako alikuwa akisema nilizaliwa wakati wa kuvuna mtama, mwaka uliofuata nzige. Nilipoajiriwa mwaka 1968 tulipanga foleni watu hamsini mbele ya karani. Kila asiye na cheti akiulizwa tarehe, anasema sijui, na karani anaandika Julai Mosi, maana ndiyo katikati ya mwaka. Alipochoka hata mwaka hakuuliza, alitutazama sura tu. Mie alinitazama akaandika 1944. Basi sie wote humu ghalani ni watu wa Julai Mosi, siku hiyo tunaitana mapacha na kununuliana kahawa. Hata kuna mwenzangu ghala la Pangani, naye Mwinjuma Mbwana, naye Julai Mosi, 1944. Mwaka 1979 barua yake ya likizo ililetwa kwangu. Nikampelekea na salamu, tangu hapo twaandikiana kila Idi na sijawahi kumwona uso.

Huku nako wanasema tutauzwa. Sijali. Nimebakiza miaka minne nistaafu, nipate mafao yangu, niezeke bati nyumba ya mama yako iliyoko Mchinga, nikae. Hilo tu ndilo ninalolingojea.

Shirika lako usinitajie, siri ya kazi ni siri. Wakamate hao hewa. Kuna watu wanakula mshahara wa marehemu na hawana hata aibu ya kusoma hitima.

Mjomba wako,
Mwinjuma Mbwana

*

Kinondoni Mkwajuni,
20 Machi 1995

Mjomba,

Shikamoo, na Idi njema japo imepita. Barua yako ilinifikia tarehe 27 Februari. Raudha anacheka sasa, akiona mwanga tu anacheka. Najat mzima.

Kazi nimeikabidhi. Wamenasa watu mia mbili na kumi na nne. Bwana Revelian kafurahi sana, kasema mkataba wa pili utatiwa saini mwezi wa saba.

Nimempa kondakta wa basi la Lindi kifurushi. Kuna shati la mikono mirefu, viatu, dawa ya goti, na vitenge viwili vya Bi Mwanakombo. Si kwa ajili ya jambo lolote, nimeona tu muda mrefu sijakutumia kitu.

Jambo moja dogo, mjomba. Ile barua yako ya kuajiriwa, ya 1968, bado unayo? Iweke vizuri. Siku hizi mashirika yanabadilika, karatasi ni muhimu.

Sina mengi.
Nassibu

*

Lindi,
9 Mei 1995

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifurushi kilichelewa, barabara ilikatika Rufiji na kondakta alikaa upande wa pili wiki mbili akivivaa vile viatu. Sikumlaumu, mvua ilikuwa kubwa. Shati limenikaa sawasawa. Mtoto mbusu pande zote.

Nassibu, nimefutwa. Mwisho wa mwezi wa nne tulipanga foleni ya mshahara, jina langu halikuitwa. Nikadhani karani kanivuka, kumbe ana karatasi. Akanisomea mbele za watu kwamba Mwinjuma Mbwana ni mfanyakazi hewa, kompyuta ya Dar imegundua. Nikamuuliza, karani, unasema na nani sasa hivi? Akasema anajua mie ni mie, lakini karatasi inasema sipo, naye hawezi kumlipa mtu asiyekuwepo.

Nikaenda kwenye mizani yangu, ile kubwa ya magunia, nikapanda, nikamwita aje asome. Kilo sitini na nane. Nikamwambia, andika, hewa ya Lindi ina kilo sitini na nane. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Miaka ishirini na saba nimesimama pale, sijamwibia mkulima hata kikombe cha korosho. Sasa watoto wa mtaani wakiniona wanapuliza mashavu.

Mshahara mtu huweza kuuvumilia. Lakini asiyekuwepo hana mafao. Miaka yote ile imefutwa, bati la mama yako limefutwa. Bi Mwanakombo anachambua mchele tu.

Wewe uko huko, na hizo kompyuta ndiyo kazi yako. Nenda makao makuu, waulize kompyuta imeona nini kwangu. Barua ya 1968 ninayo. Kumbe ulikuwa na maono ulipoiuliza.

Nakutegemea wewe tu.
Mjomba wako, Mwinjuma

*

(Haikutumwa)

Kinondoni Mkwajuni,
22 Mei 1995

Mjomba,

Kompyuta haikuona kitu. Kompyuta haioni. Mie ndiye niliyeiambia nini cha kutafuta.

Nilikaa Mikocheni na disketi za shirika lenu, majina elfu nne. Sikupewa muda wa kufika kwenye ghala hata moja. Nikajiuliza, mtu hewa nitamjuaje? Nikaandika amri moja, na nikaiona ni ya akili sana: majina yakilingana yote, na tarehe ya kuzaliwa ikilingana, na vituo ni viwili, basi huyo ni mtu mmoja anayelipwa mara mbili. Wasimamisheni wote wawili. Nilijisifu kwa Najat. Nilimwambia haiwezekani watu wawili wagongane jina na siku na mwaka.

Mie, mtoto wa Lindi, niliyelelewa na mtu wa Julai Mosi. Fundi wa kigeni angesamehewa.

Barua yako ya Februari niliipata orodha ikiwa imeshachapwa na haijakabidhiwa. Niliisoma nikicheka, nikafika pale pa Pangani, nikaacha kucheka. Nikaenda kufungua orodha. Ukurasa wa tano, Mwinjuma Mbwana, Lindi. Chini yake Mwinjuma Mbwana, Pangani. Chini kabisa, Imetayarishwa na Nassibu Khalfani, na sanduku langu la posta.

Nilikuwa na siku mbili. Ningeweza kuibadili ile amri. Lakini wangebaki hewa arobaini au hamsini, na Bwana Revelian alishawaambia wenye fedha kuwa wamepita mia mbili. Ningeweza kukutoa wewe peke yako, hilo pia nilifikiri, nikaona ni wizi. Kumwacha kila mtu humo nikaona si wizi. Nilijiambia kuwa watahakiki, watatuma watu maghalani. Nikakabidhi, nikaenda kukununulia shati.

Nisamehe mjomba. Kesho

*

Kinondoni Mkwajuni,
24 Mei 1995

Mjomba,

Shikamoo. Tumesikitika mno. Najat analia tangu jana.

Nimekwenda makao makuu mwenyewe. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikaonana na ofisa anayehusika. Anasema majina yanahakikiwa, wenye haki watarudishwa, ila itachukua muda. Tuvute subira. Usijisumbue kuja, nauli ni kubwa na barabara mbaya. Mie nalifuatilia.

Kuna kitu kidogo ndani ya bahasha, cha kitoweo.

Nassibu

*

Temeke,
1 Julai 1995

Nassibu,

Usishangae stempu ya Dar. Niko hapa tangu Jumanne, kwa shemeji yake Mwinjuma wa Pangani. Ndiyo, tumeonana hatimaye. Naye alifutwa siku moja na mie. Nilimwandikia kuwa mtu akiambiwa hayupo, heri wawe wawili wasiokuwepo. Tukapatana tukutane Dar. Ni mrefu, mweusi kuliko mie, mguu mmoja unachechemea, na ana ucheshi. Hatufanani hata kucha.

Tulikwenda makao makuu, Barabara ya Pugu. Mie nilivaa shati lako ili nionekane mtu. Tukasimama bega kwa bega mbele ya ofisa, bwana Kasimiri, kijana mpole. Nikamwambia, baba, huyu ni Mwinjuma Mbwana na mie ni Mwinjuma Mbwana, tuhesabu. Akatuhesabu. Akapata wawili. Akacheka, kisha akaona haya, akatoa orodha akatuonyesha tulipo. Ukurasa wa tano.

Nassibu, jengo lile halina ngazi. Ni ghala la zamani, bati juu, chini tupu. Nililitazama sana nikitafuta ghorofa yako ya tatu.

Na chini ya ukurasa wa tano nilisoma kilichoandikwa. Mwenzangu akauliza, mbona umekaa chini? Nikasema goti.

Bwana Kasimiri anasema yeye hawezi kutengua. Orodha imepokelewa ikiwa halali, na walioileta wanasema haina kosa. Itatenguliwa tu ikiwa mwenye programu ataandika kwa mkono wake kuwa alikosea. Tukamwambia sie mwenye programu hatumjui. Mwenzangu kweli hamjui. Kama wewe unamjua, mfikishie salamu.

Leo ni siku yetu ya kuzaliwa. Tumenunuliana kahawa hapa Temeke. Kesho kila mtu anarudi kwake. Kutoka hapa mpaka Kinondoni si mbali, nilifika mpaka kituo cha basi, nikageuka. Nilitaka sana kumwona mtoto.

Mwinjuma Mbwana

*

Kinondoni Mkwajuni,
16 Julai 1995

Mjomba,

Shikamoo. Sistahili hata kuitikiwa.

Mwenye programu namjua. Ndani ya bahasha hii nimetia nakala ya barua niliyomwandikia Bwana Kasimiri, lakini hukuihitaji, jina langu ulishalisoma chini ya ukurasa wa tano. Nilikuwa nimekuandikia ukweli mwezi wa tano, nikauacha chini ya godoro la Raudha. Badala yake nikakuandikia ngazi. Nilidhani makao makuu yote yana ghorofa. Hata uongo niliutunga bila kufika.

Juzi nilikwenda Barabara ya Pugu kwa miguu yangu. Nimemwandikia Bwana Kasimiri kurasa mbili na nimetia saini: amri ilikuwa mbovu, nilijua kabla sijakabidhi, nikanyamaza. Nimepitia majina yote mia mbili na kumi na nne. Mia moja sitini na nne ni watu wa Julai Mosi. Nimeyaandika upya moja moja kwa mkono wangu, maana mashine nimeinyima kazi hiyo.

Bwana Revelian hakunigombeza. Kanitazama tu, akasema Mikocheni ni ndogo, nisijisumbue kugonga milango. Mkataba wa pili haupo. Mwenye duka la misumari kaniambia nirudi nikamhesabie stoo, nami nitarudi. Najat anajua yote sasa. Kasema maneno machache, kisha akaniuliza mbona mjomba hakufika kumwona mtoto.

Nawaza wale wengine, mjomba. Wewe ulikuwa na nauli na rafiki. Kuna mzee wa ghala la Kilwa nimeuliza habari zake, wanasema alipofutwa alifunga mizigo akaondoka, hakuna anayejua alikokwenda. Jina lake nalijua kwa moyo. Nililiandika mie.

Ulinilea nijue kuhesabu. Ya kuhesabu nilikuwa nayajua, nilichokosa ni ujasiri. Unisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Mpwa wako,
Nassibu

*

Lindi,
3 Septemba 1995

Mpwa wangu Nassibu,

Marahaba.

Sie wazima. Bi Mwanakombo anakusalimu, na amekufungia ubani mwingine, anasema hasira zake na wewe hazimhusu Raudha.

Barua yako haikuwa na haja ya kurasa zile zote, ila nimezisoma. Tumerudishwa, mie na mwenzangu wa Pangani, na wengine wengi kwa habari ninazozisikia. Mshahara umelipwa na miaka yangu imerudi mahali pake. Siku niliyorudi ghalani walinitaka nipande mizani kabla ya kuanza kazi. Kilo sitini na tatu. Nikamwambia karani, hizo tano zimebaki Dar.

Usidhani nimekusamehe. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine haipiti posta, uje uichukue mwenyewe, na umlete mtoto. Na yule mzee wa Kilwa usimwandikie mashairi ya majuto, mtafute. Mie nilimtafuta mtu nisiyemjua mpaka nikampata, na mie sina kompyuta. Nimeshauliza kwa niaba yako, wanasema ana dada Nangurukuru. Anzia hapo.

Jambo la mwisho. Makao makuu wameleta agizo kwamba kila mwenye Julai Mosi achague siku yake, ili watu wasigongane tena. Mwinjuma wa Pangani kakataa, kasema ameizoea Julai Mosi na haachi kahawa yake. Zamu yangu ilipofika karani akaniuliza, mzee, wewe nikuandikie lini? Nikawaza mavuno ya mtama, nikawaza nzige, nikaona yale siwezi kuyathibitisha. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikaitoa nikamwonyesha tarehe ya juu, kumi na sita Julai. Akauliza ndiyo siku niliyozaliwa? Nikamwambia hiyo ndiyo siku niliyoandikwa kuwa nipo, na aliyeandika ni mtoto wangu.

Kaandika hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Mwinjuma Mbwana